Mchanga wa Mtaroni

Riruta, Nairobi

Kwako Baba mpendwa,

Natumai goti limeacha kukusumbua na kwamba mnaendelea vizuri hapo nyumbani. Mimi nakula, nalala, naenda kazini. Mdogo wangu Wekesa bado yuko hospitalini. Mguu wameuokoa.

Mama nilimwambia kwa simu kwamba ule ukuta tuliokuwa tukijenga Woodley uliangushwa na mvua. Si kweli, Baba.

Mvua ilinyesha kabla hatujaanza, ikabeba mchanga wetu hadi mtaroni. Asubuhi tuliukuta umejaa pale. Mwenye nyumba akasema, "Fundi, si ni ile mchanga yenu tu? Zoeni, nataka hii kazi ianze leo." Tukazoa.

Na wewe ulinifundisha mtoni nikiwa mdogo. Maji yakienda kasi hubeba kila kitu. Yakipunguza mwendo huacha kokoto kwanza, kisha mchanga, na yakisimama kabisa ndipo tope hushuka. Mtaro ule ulikuwa umeziba, maji yalisimama humo. Nilijua tope limeingia, na simiti haishiki mchanga wenye tope. Ungekuwa wewe, ungetia mchanga kidogo kwenye chupa ya maji, utikise, ungoje utulie, uone tope lilivyo nene juu yake. Chupa nilikuwa nayo mkononi. Nikanywa maji, nikaitupa.

Siku ya tatu baada ya kumaliza, Wekesa aliegemeza ngazi ukutani. Ukuta ukamlalia.

Tangu hapo sisikii kitu. Sijalia. Hata njaa naijua kwa kutazama saa. Hali hii inanitisha kuliko kilio.

Jana nilimpelekea uji. Akanishika mkono, akasema, "Bro, nisamehe. Nadhani ni mimi nilichanganya simiti vibaya. Usiambie mzee, please." Nikamwambia anywe uji kabla haujapoa.

Msalimie Mama, na shangazi anayetuangalizia ng'ombe. Mke wa Wekesa naye umsalimie. Simu zake nimeshindwa kupokea.

Nimejaribu kumwambia Wekesa kwa mdomo, neno halitoki. Kwa hiyo bahasha naiacha wazi. Kesho nitampa barua hii aisome kwanza, na ni yeye atakayeamua kama itatumwa. Ikikufikia, Baba, ujue ameshajua.

Mwanao,
Wafula