Saumu ya Lina na Uamuzi wa Kocha

Naanza kwa jina la Mola asiyefichwa jambo. Maalim Shaali, futari imeondolewa sasa hivi hapa mtaani kwetu Akalla, ughaibuni, na Sami bado hajainua uso.

Wamjua Sami, kocha wa gofu pale chuoni. Lina ndiye mchezaji wake bora. Zacharie, mchezaji mwenzake, ni kipenzi cha mashabiki, wale jamaa wa mtaa wa Jordbro, waliokuja leo na vyungu vya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Asubuhi, kabla ya mashindano, walimzingira kocha. "Kocha, huyu mutoto amefunga, ataanguka ku shimo ya tatu. Nani atamubeba? Weka Zacharie wetu."

Sami akakubali. Hakumuuliza binti. Maalim, hakumuuliza.

Basi Lina akambebea Zacharie begi la fimbo, mashimo yote kumi na manane, bila tone la maji. Zacharie akashindwa vibaya.

Na Sami, aliyetuambia amefunga? Katikati ya mchezo alijificha nyuma ya kibanda akanywa maji. Kugeuka, Lina huyo, begi begani. Binti akapita zake.

Jua lilipozama, Lina akamsogezea sahani ya tende mbele ya wazee. "Anza wewe, kocha. Siku ilikuwa ndefu."

Sami akachukua tende moja, akaiweka chini. Akasema, sote tukisikia, "Mimi leo sikufunga. Na wewe ungeshinda."

"Ungeniuliza tu, kocha."

Akaondoka kwenda jikoni. Ungeniuliza tu.

Tende ile ingali mbele yake, na Lina yuko jikoni akimpashia uji. Mola awabariki waliobaki mezani, na Sami asimtoe miongoni mwao.