Ufunguo Mpya wa Mdogo Wangu

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo na kazi? Mimi mzima, sema uzima wa kujikaza. Hii programu ya barua pepe uliyoniwekea imenifaa: nikiandika anwani yako tu, yenyewe inachagua ufunguo wako na kuifunga barua, isomeke kwako tu. Basi acha niseme. Mume wangu amerudia kunipiga, safari hii mbele ya mtoto. Nimechoka, nataka kuondoka na mtoto. Utatupokea?

Dada yako

4 Machi

Dada, shikamoo.

Swali gani hilo? Chumba kipo, godoro lipo, na mimi nipo. Niandikie siku na mahali, nije kuwachukua. Kwenye simu usiseme kitu, huyo bwana anasikiliza.

Mdogo wako

6 Machi

Mdogo wangu,

Umeamkaje? Jana baba mtoto alikalia kompyuta yangu jioni nzima, eti anaondoa virusi. Tangu lini ana huruma na vitu vyangu! Leo programu ikaniambia una ufunguo mpya. Nikacheka, wewe na kubadilibadili mambo yako, nikabonyeza kubali. Sasa sikia: Alhamisi, akishaingia zamu, utusubiri kituo kidogo cha basi nyuma ya hospitali. Mtoto nimemwambia tunakwenda kununua viatu.

Dada yako

7 Machi

Dada, jamani!

Barua yako haifunguki. Imefungwa kwa ufunguo usio wangu, mimi sijabadilisha chochote! Mtu yeyote anaweza kutengeneza ufunguo akauandikia anwani yangu. Programu ikikuta funguo mbili inachukua mpya, haiulizi ni wa nani. Aliyeutengeneza ndiye anayekusoma. Usitoke siku uliyoniandikia! Nijibu, hata neno moja.

Mdogo wako

10 Machi

Dada,

Simu yako haipatikani. Mahali sikujua, basi tangu juzi nabahatisha, nashinda kituo kikubwa, nachungulia kila basi. Mko wapi? Naogopa, dada.

Mdogo wako

12 Machi

Shemeji,

Salama? Sisi hatujambo. Pole kwa kushinda kituo kikubwa. Wao walikuwa kile kidogo, nyuma ya hospitali, na mimi nilitangulia kufika. Onyo lako hakuliona, kompyuta nilikuwa nimeshaichukua. Mtoto yupo kwa mama yangu, anakula vizuri. Dada yako anapumzika. Neno lake la siri la kufungulia barua amenitajia mwenyewe, hakubisha sana. Kwa hiyo usiache kuandika. Barua zako zote zinafunguka.

Shemeji yako