Picha za Mpanda Husomwa kwa Kushuka

S.L.P. 20,
Mpanda.
10 Agosti, 1975

Mpendwa kaka Gaudensi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko Dar es Salaam, na lile joto ulilolilalamikia limepungua. Shemeji Hana na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mama bado anakohoa asubuhi, lakini mpunga wote ameupeta mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Magazeti ya hadithi za picha uliyonitumia yalifika. Ndiyo yaliyonipa wazo la kuwachorea wanakisomo wa Kasokola, wale watu wazima wanaojifunza kusoma, hadithi yao wenyewe. Nilichora kwenye stensili na kurudufu kwa mashine ya ofisi, kwa ruhusa. Picha nne, safu mbili. Nilizipanga kwa kushuka, maana picha za mafundisho zinazoning'inizwa kanisani kwetu hushuka hivyo. Watu wa huku huanza juu, wakafika chini, ndipo wakahamia safu ya pili.

Safu ya kwanza, nguruwe pori anakula mahindi. Chini yake wanakijiji wameshika marungu. Safu ya pili, mwenyekiti wa kijiji amebeba gunia la mahindi yaliyookolewa; chini yake watu wanakula ugali na nyama.

Bwana Apolinari, mkuu wetu wa ofisi, akazisoma kwa kuvuka, kutoka safu hii kwenda ile. Nguruwe anakula, mwenyekiti anabeba gunia, marungu yanainuliwa, watu wanashangilia kwa nyama! Kaka, niliitwa.

"Karani, kwa hiyo mwenyekiti ni nguruwe, apigwe marungu?"

Nilitaka kueleza, nikaishia kumwamkia. Mzee Lyamba, mwenyekiti mwenyewe, alikuja ofisini akicheka: "Bwana mkubwa, mbona nguruwe alishakufa kabla sijabeba gunia? Shuka kwanza!"

Mkuu hakucheka. Kesho Jumatatu anataka niandike kwamba nilikosea, na tangu sasa nichore kwa kuvuka kama wanavyochora Dar es Salaam. Nikikataa, kazi sina.

Ninaogopa. Unanijua, tangu utoto beberu akinitazama tu naruka ua. Na mshahara huu ndio dawa ya mama. Lakini siandiki kwamba nilikosea, kwa sababu sikukosea. Romana, yule jirani wa shangazi wa Kasokola ambaye darasani hakuwahi kufungua kinywa, aliusoma ukurasa ule wote kwa sauti, kisha akawabishia wenzake kuhusu rungu la nani lilitangulia. Leo nimgeuzie njia ili mkuu asiinamishe shingo? Siwezi.

Ijumaa nilirudufu ukurasa wa pili, mchana, mlango wazi. Nao unashuka. Ule wa kwanza sikutia jina kwa woga. Huu nimeandika jina langu pembeni chini kabisa, pale msomaji wetu anapomalizia.

Nakala moja iko humu, itunze. Siku watakaposimulia hadithi za picha zilivyoanza nchini, watasema zote zilitoka huko kwenye mitambo mikubwa ya uchapaji. Waonyeshe hii. Mpanda nasi tulichora, tena kwa njia yetu.

Mama nimemwambia. Akasema, "Basi kesho vaa shati jeupe."

Nisalimie Bartolomeo na shangazi Matilda. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, nami asiniache kesho mlangoni kwa mkuu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima,
Kalisti