Nywele ya Mama, Gramu Mbili

Liège, tarehe 5, mwezi wa 2, 2023

Yaya Kalombo, kaka yangu mukubwa,

Jambo nyingi toka huku kwenye baridi. Mugongo yako inaendelea aje? Batoto bazima? Minye niko muzima, ila usingizi hapana.

Yaya, huku kuko bantu banatengeneza mukufu ya kioo, banatia ndani nywele ya marehemu. Najua mama mudogo Germaine alikata nywele ya mama siku ya kumuosha. Unitumie gramu mbili tu, nimubebe mama kwenye shingo.

Mudogo wako, Martine

Likasi, tarehe 2, mwezi wa 3

Martine,

Mugongo inauma tangu kilio: siku tisa, bantu 214, magunia sita ya unga toka mashine yangu ya kusaga, na weye hata siku moja hatukukuona. Hukuya kumuzika, sasa unataka kumuvaa!

Gramu mbili? Mizani yangu inaanza kwa kilo. Nimekisia na vidole, bila kufungua bahasha. Bahasha nimeitoa kwa kabati ya mama mudogo, jirani yangu Fidèle anasafiri kuya huko, atakuletea na ndege.

Yaya wako, Kalombo

Liège, tarehe 20, mwezi wa 8

Yaya mupenzi,

Unaamuka salama? Mukufu niko nayo tangu tarehe 1 ya mwezi wa 6! Kila asubuhi naibusu mara tatu, naiambia mambo yote. Ila nilishangaa: mama miaka sabini na nane, na nywele ingali nyeusi tii!

Mudogo wako, Martine

Likasi, tarehe 9, mwezi wa 9

Martine,

Huku wote bazima. Weye kaa chini kwanza.

Mama alikufa na kichwa cheupe kama unga yangu. Nyeusi imetoka wapi? Nimeenda kumuuliza mama mudogo. Kumbe kwa kabati kulikuwa bahasha mbili: moja ya mama, moja ya siku ya kumaliza matanga, siku minye mutoto wa kwanza nilinyolewa. Ya mama ingali pale.

Siku mia moja mpaka leo, busu tatu tatu: mia tatu. Bibi yangu Aimée hajafika hapo tangu ndoa. Na uliambia kichwa yangu nini?

Yaya wako, Kalombo

Liège, tarehe 1, mwezi wa 10

Yaya,

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikalia.

Kila asubuhi nilikuwa naomba samehe. Karatasi zangu za kukaa huku zilikuwa hazijatoka. Ningekuya kilio, nisingerudi tena. Nilikuwa na haya kukuambia. Nilisema pia yaya ni mukali, ni bahili, anahesabu hata machozi ya bantu.

Karatasi zimetoka. Nafika tarehe 18, mwezi wa 12. Ya mama nitaichukua na mukono yangu. Ya kwako siivui, imeisha kujua siri zangu.

Mudogo wako, Martine

Likasi, tarehe 20, mwezi wa 10

Martine,

Salamu yako imefika. Samehe mia moja ni mingi, moja ilitosha.

Kuhusu bahili, tutaonana tarehe 18.

Yaya wako wa shingoni, Kalombo