Kabla Hujaja kwa Mshauri, Kalunde

Shemeji Kalunde,

Ipole mnasemaje? Mimi hapa Tabora mjini nakula wali wa watu na kulia bure. Mshauri nasaha ni Mzaramo, mtani wangu, basi nikamtania asubuhi nzima kama tuko msibani. Akacheka, kisha akasema, "Haya mtani, sasa nieleze bani la kukaushia tumbaku lilivyoungua na mdogo wako ndani." Utani ukaniishia. Tangu hapo moshi naunusa hata kwenye chai.

Ujue, mwanzoni utaumia zaidi. Ukinyoosha mkono, mshauri anasimamisha maswali, anakuacha upumue. Ukichagua vikao vya kutwa nzima badala ya vifupi, jioni usilale peke yako. Mimi nililala gesti nikaongea na ndoo. Njoo Jumatatu. Mumeo, marehemu mdogo wangu, hawezi tena kukusindikiza, kwa hiyo utavumilia sura yangu mlangoni mpaka utoke.

Shemejio mkorofi,
Kasanda