Kipimo cha Unyevu Ulichokiacha Dirishani

Kwako Baba Nasra,

Kwanza nikwambie mtoto anapumua. Najua ndilo utakalolitafuta kabla ya salamu, basi nimeliweka juu usihangaike. Anapumua, anakula, na jana kanigombeza kwa Kiingereza kwa sababu uji ulikuwa na madonge.

Simu yangu hupokei. Huyo rafiki yako wa Croydon uliyehamia kwake ananijibu kila siku, "Nitamwambia, shemeji," na mie sijui kama anakwambia. Ndiyo maana nimeiandika barua hii wazi, na jina lako silitaji. Wakusomee wanaokujua. Na wakisoma wengine si vibaya, maana humu London si sisi peke yetu wenye chumba kilichofungwa mlango na mke anayechoma udi. Shule yangu unajua iliishia wapi, nisamehe palipokosewa.

Nikikukumbuka sianzi na ile Jumapili. Naanza na ulivyocheka. Tangu mgongo ulipokushinda kule ghalani wakakwambia usirudi tena kazini, ulikuwa hucheki. Vidonge vilikuchoma tumbo, ukawa unanunua bangi kwa vijana wa barabarani upate usingizi. Nilipolalamika ukasema, "Basi nitapanda yangu, nijue navuta nini." Nikakwambia hii nchi ya watu, na karatasi zangu za ukaazi bado ziko kwa watu wa uhamiaji, huko huko Croydon, hazijajibiwa. Ukasema ni miche michache tu, kwenye chumba cha mabegi, nani atakuja kuhesabu mabegi yetu.

Ukailea. Asubuhi ulikuwa unaingia kuiamkia miche kabla hujaniamkia mie. Nikiri, niliionea wivu. Lakini nilikusikia unaimba humo ndani, na mtu aliyekuwa haimbi akiimba, mkewe atafanya nini?

Ulipoivuna ukaitundika kichwa chini kwenye kamba za kuanikia nguo, ukaniita.

"Hebu njoo, Mpemba wangu. Nyinyi mmezaliwa juu ya majamvi. Hii imekauka hii?"

Nikashika. Juu ilikuwa kavu, inachakacha. Nikakunja kijiti, kikapinda badala ya kuvunjika. Nikakwambia bado, ndani ina maji. Ukataka kujua nimejuaje, nikakaa juu ya begi nikakuhadithia habari za karafuu. Jinsi msimu ukifika nyumba nzima inahamia kwenye majamvi, na wingu likitokea tu tunaacha sahani za wali pale pale tunakimbia kuzoa. Jinsi karafuu mbichi ikifungiwa inapata joto, inavunda, inaota ukungu mweupe. Na jinsi marehemu baba alivyokuwa hafungi gunia mpaka azamishe mkono wote, hadi kwapani. "Juu panadanganya," alikuwa akituambia. "Tia mkono chini." Ulinisikiliza siku hiyo kama hujawahi kunisikiliza tangu uniolee Pemba ukanileta huku.

Basi tukawa wawili katika kazi ile. Ukanunua kile kipimo, kijisaa cha duara chenye mshale, kinachoonyesha hewa ina unyevu kiasi gani. Ukanifundisha kukisoma. Unyevu ukizidi inaota ukungu, ikikauka kupita kiasi inakuwa vumbi la kukwaruza koo. Ukaitia bangi kwenye chupa zangu za achari, unazifungua kila siku zivute pumzi, unanusa, unanipa na mie ninuse.

"Inanuka majani ya ng'ombe," nikakwambia.

"Subiri, itatulia."

Haikutulia. Chupa za mwanzo ziliota ukungu ukazitupa, ukanuna kama umefiwa. Nikakutania, "Muunguja na mavuno, wapi na wapi," ukacheka mpaka ukashika mgongo. Nilikuwa na furaha, Baba Nasra. Siwezi kusema uongo kwamba sikuwa nayo.

Kilichotuponza ni harufu. Ukabandika utepe wa gundi kwenye dirisha la chumba kile, ukazima na feni ya bafuni isipeleke harufu nje. Mie nikafunga madirisha mengine yote, nikawa nachoma udi asubuhi na jioni kama nyumba ya bibi harusi. Nguo za mtoto tukazianika humo humo ndani. Bi Hansa wa chini, yule Mhindi aliyezaliwa Mombasa, akanisimamisha kwenye ngazi na mifuko yake ya mboga za Kingsbury Road.

"Mama Nasra, udi wako siku hizi umepata mwenzake."

"Mwenzake nani, bibi?"

"Mie si mtu wa maneno, unanijua. Lakini pua ninayo."

Nilipokuhadithia hukucheka. Uliongeza gundi.

Vioo vikaanza kulia maji asubuhi. Nikawa nafuta kwa taulo, naona ni baridi ya kwao hii. Nasra akawa anakohoa, naona ni mafua ya nasari. Na wewe kila siku ulikuwa unautazama ule mshale, unauliza chupa zinaendeleaje. Tulipima hewa ya chupa. Hewa ya mtoto, upande wa pili wa ukuta, hatukuipima.

Ile Jumapili tulikuwa tumemaliza kula. Kifua chake kikaanza kupiga mluzi. Tukampa pampu yake ya pumu, ikagoma. Tukampa tena. Midomo ikageuka rangi, akawa ananitazama tu, hata kulia hawezi. Nikachukua simu. Ukanishika mkono. Hukunishika kwa nguvu, hilo nalisema mbele ya wote wasije wakakudhania. Ukasema:

"Ngoja. Ngoja kidogo nitoe vitu. Wakiingia na harufu hii tumekwisha, na karatasi zako ndiyo basi tena."

Sikungoja. Niliongea Kiingereza changu kile kile unachokicheka, wakanielewa.

Yule dada wa ambulensi alipoingia niliona pua yake ikinusa. Alinitazama mara moja, akaenda kwa mtoto. Walipokwisha kumfunika usoni ile barakoa ya hewa, akaniuliza analala wapi. Nikamwonyesha. Akavuta kitanda. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi, umelowa, toka chini mpaka unapofika mto wake. Akaweka kiganja pale, akanigeuzia nikione. Nikamkumbuka baba na mkono wake ndani ya gunia. Shuka ya Nasra naibadilisha kila mara, blanketi nalikung'uta, kitanda changu kinanukia asmini. Nyuma ya chake sikupeleka mkono.

Ulibaki nyumbani kutoa chupa. Ulipokuja hospitali, koti lako lilikuwa limejaa harufu ile. Nasra alikunyooshea mikono, ukainama, akakohoa. Nikaona ulivyorudi nyuma. Ulisimama mlangoni umeishika mikono yako mwenyewe kama vitu vya mtu mwingine.

Nikakwambia, "Nenda kaoge, urudi."

Tuliporudishwa nyumbani, chupa hazipo, begi lako dogo halipo, na kile kipimo umekiacha dirishani. Baba Nasra, nilikwambia ukaoge. Sikukwambia uhame. Bi Hansa ananiuliza, "Mume wako anaoga wapi huko, baharini?"

Ni yeye tuliyesugua naye ukuta, amejifunga kitambaa puani, anamsema mwenye nyumba kwa Kigujarati. Gundi yote nimeibandua. Hospitali waliniuliza habari za nyumba, nikawaeleza ukungu na madirisha. Kuhusu mengine sijui wameandika nini. Kila bahasha ikianguka mlangoni nakaa nayo mkononi kabla sijaifungua. Hofu yako ya siku ile haikuwa ya uongo, nami ninayo. Ila niliipanga nyuma ya pumzi ya mtoto, wewe ukaipanga mbele, na najua ndicho kinachokuzuia kupokea simu. Unadhani nikikutazama nitaona hicho tu.

Nakiona, sikufichi. Lakini nauona na mgongo wako, na kukosana kwetu hakukuuponya. Njoo twende wote kwa daktari. Yale unayoona haya kumwambia, nitamwambia mie, nitayasema na makosa yangu ya Kiingereza mpaka akuandikie kitu kisichokuchoma tumbo. Chupa usirudi nazo. Au rudi nazo tupu, nina maembe mabichi ya kutia achari.

Kipimo chako nimekitundika juu ya kitanda cha Nasra. Nesi kaniambia mshale usimame wapi, nami kila asubuhi nautazama, ukipanda nafungua dirisha hata kama nje kuna barafu. Mtoto anakiita "Daddy's clock", saa ya baba. Leo kauliza, "Daddy's clock inasemaje?" Nikamwambia inasema hewa nzuri. Akafikiri, akaniambia kwa Kiingereza chake, basi Daddy anaweza kuja sasa.

Ndipo nikaja kukaa hapa kukuandikia.

Siku ile uliniambia ningoje, sikukungoja. Leo hujaniambia, na nimeketi na dirisha wazi, nangoja. Salamu zangu ndizo hizo.

Mimi,
Mama Nasra