Nilichokiona Nilipomwosha Dada

Acheni kunisifu. Nyinyi mnaoandika huku chini "Bibi shujaa", "Bibi Mungu akuweke", "laiti kila mtaa ungekuwa na bibi kama wewe", komeni leo. Hamjui mnamsifu nani. Someni kwanza mpaka mwisho, halafu atakayetaka kunisifu anisifu, tumwone mtu asiye na haya.

Leo Jumamosi. Mvua imeanza alfajiri, ikapumzika kidogo, ikarudi. Uani kumejaa maji, kuku wamepanda juu ya kinu. Mimi nimekaa barazani na hii simu, natafuta herufi mojamoja kama mtu anayechambua mchele. Kusoma nilisomea kisomo cha watu wazima, jioni, mtoto mgongoni, kwa hiyo atakayejitia kunisahihisha nitamrudishia.

Mmezoea nikiwagombeza kwa wali wenu wa bokoboko na uvivu wa waume zenu. Leo zamu yangu.

Leo ndiyo siku ya ile safari ya baiskeli ya kuwachangia wagonjwa wa saratani. Wameondoka Horohoro mpakani asubuhi, wanalala hapa Tanga mjini, kesho wanamalizia Pangani, kule Ushongo ufukweni. Michango ni ya nauli na chakula cha wagonjwa wetu wanaopelekwa Dar kwenye mionzi, maana wapo wanaoitwa huko wakabaki nyumbani kwa kukosa nauli tu. Mjukuu wangu Rehema yumo. Ana miaka thelathini na ushei, mwalimu, ana miguu kama ya mchukuzi wa bandarini. Tanga hii baiskeli ni viatu vyetu, sikumkataza.

Na kuchangisha nilichangisha, hilo sikudanganya. Nilipita duka kwa duka na kopo langu. Yule Muhindi wa duka la vitambaa, ambaye baba yake ndiye aliyeniuzia khanga za harusi, aliniambia, "Bibi, biashara mbaya siku hizi."

Nikamwambia, "Biashara mbaya tangu baba yako, na vitambi vyenu vinakua tu. Toa."

Akatoa huku anacheka. Ndiyo ile picha mliyoisambaza, mimi na kopo. Ndiyo hiyo mnayoisifia.

Sasa sikilizeni lisilokuwamo kwenye picha.

Kila anayeendesha anabandikwa kitambaa mgongoni chenye jina la mtu anayemwendeshea, mgonjwa wake au marehemu wake. Wiki iliyopita Rehema aliniletea kipande cha bafta nyeupe, anaujua mkono wangu, kofia za viua nimeshona tangu sijaolewa.

"Nikushonee jina gani?" nikamuuliza.

"Shona WOTE, Bibi. Sisi tumshukuru Mungu, hatuna wa kwetu." Kisha akanitazama. "Au yupo?"

"Hayupo," nikasema.

Nikashona. Herufi nne, uzi wa kijani. Sindano ilinichoma mara mbili, nikasingizia macho.

Yupo. Wapo wawili.

Wa kwanza ni dada yangu Mwanakombo, mama wa mama yake Rehema. Alikufa miaka ile ya shida, miaka ya foleni, unaamkia duka la ushirika hata hujui wanagawa nini, unapanga tu. Hata sanda ilitoka kwa kibali. Shemeji alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, kutoka hapo ofisi ya kata, akarudi na yadi zisizotosha, tukajazia shuka. Sabuni mjini hakuna. Mume wangu alikuwa na miche miwili aliyoivusha kwa baiskeli kutoka ng'ambo ya Horohoro, kwa njia za porini, na ndiyo tuliyomwoshea dada. Baiskeli ya kufuata sabuni tulikuwa nayo. Kumpakia dada tumpeleke hospitali hatukukumbuka, kwa sababu alisema ana homa, na mimi nilitaka iwe homa.

Maana nilikuwa naona. Miezi mizima anatembea mkono wa kushoto kaubana ubavuni, khanga mbili kifuani kwa joto lile. Na harufu nilikuwa naisikia. Sikuuliza.

Tulimwosha watu wawili, mimi na Bi Tatu, ambaye ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa mtaa wetu, marehemu siku nyingi sasa. Tulipomfunua nikaliona titi. Siandiki nilichokiona. Bi Tatu hakushtuka. Alinivua khanga yangu ya begani, kwa kuwa pamba nayo ilikuwa adimu, akamfunga dada kifua ili damu isije ikatokeza kwenye sanda mbele za watu. Kisha akaniambia, "Ulichokiona kimeingia mfuoni na maji." Mfuo ni lile shimo tunalolichimba chini ya kitanda cha kuoshea. Likifukiwa limefukiwa.

Ndiyo sheria ya kazi ile, mwosha hatoi aibu ya maiti. Baadaye Bi Tatu alinirithisha mimi, na wanawake wa mitaa hii nimewaosha miaka mingi, na kwa mdomo wangu huu mnaoujua, hakuna hata mmoja aliyesikia kwangu mwili wa mama yake ulikuwaje. Hilo nilijivunia kuliko hata Hija ya mume wangu.

Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa chini, sabuni za kila rangi zikapangwa mpaka kwenye meza za barazani. Dada alikuwa ameacha binti mmoja, Somoe, nikamlea mimi, nikamwoza mimi. Ndiye mama yake Rehema. Siku moja akanikuta nakuna nazi.

"Mama mdogo, nina kitu hapa." Akagusa titi la kushoto. "Kama kokwa ya tende. Hakiumi."

Sikuacha kukuna.

"Mama alikufa na nini?"

"Homa. Si ulikuwepo?"

"Nilikuwa mdogo."

"Basi nakwambia mimi mkubwa wako. Homa. Hayo ni maziwa yameganda, kanda kwa maji ya moto."

Akaniamini. Akakanda. Akahangaika kwa waganga, mmoja mpaka Mwera, na alipofika hospitali hali imeshakuwa mbaya. Daktari akamuuliza, kwenu kuna aliyewahi kuugua hivi? Somoe akajibu hakuna. Mimi nilikuwa nimekaa naye benchi moja, nimelishika faili lake.



Somoe nilimwosha kwa mikono yangu hii. Titi lilelile. Safari hiyo pamba tele, sanda imebaki, sabuni inanukia mpaka nje. Kila alichokikosa mama yake kilikuwepo, isipokuwa neno langu moja.

Pengine angekufa tu hata ningesema. Pengine. Neno hilo nimelitafuna miaka na miaka, halijapata ladha.

Na miaka yote nimejiambia kwamba nilishika sheria ya josho la maiti. Uongo mtupu. Dada anakufa, binti yangu Asha alikuwa na posa iko njiani, watu wa Pangani, wenye minazi yao, na watu wale wanaulizia ukoo mpaka makaburini. Ikijulikana nyumba ile wanawake wake wanaoza matiti, nani atakuja kuoa? Nikaikumbatia sheria ya Bi Tatu kwa sababu ilinifaa. Asha akaolewa kwa ngoma ya siku tatu. Somoe alipokuja na kokwa yake mimi nilishadanganya zamani, na mimi nikishasema kitu sirudi nyuma. Ndicho hicho kiburi mnachokichekea humu.

Rehema aliachwa mdogo. Alipokua akaniuliza mama yake alikufa na nini. Nikamwambia presha.

Basi leo mchana kaja. Kalowa chapachapa, tope mpaka mgongoni, ile WOTE ya kijani imegeuka ya udongo. Nikampa taulo, nikampakulia wali wa nazi na mchuzi wa papa. Anakula huku anasimulia, kacheka mpaka kapaliwa. Kuna mama alikuwa mbele yake njia nzima kutoka Horohoro, mgongoni kaandika majina matatu, mama yake, khalati yake na dada yake.

"Ukoo mzima, Bibi! Daktari tuliyefuatana naye anasema mara nyingine inatembea kwenye damu. Watu wa nyumba kama ile wanatakiwa wapimwe mapema, wasingoje kuumwa." Akalamba vidole. "Sisi Mungu katuepusha."

Nikamwambia aongeze wali. Hata hapo, jamani, nilikuwa natafuta kuchelewesha. Alipomaliza sahani ya pili ndiyo nikamwambia yote, hivihivi nilivyowaandikia, na la posa nikalisema.

Hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga.

"Titi gani?" akauliza.

"La kushoto."

"Bibi Mwanakombo na mama, wote?"

"Wote."

Akainuka, akaosha sahani yake, akaifuta, akairudisha kabatini. Akatoa pini mgongoni, kile kitambaa akakiweka juu ya kiti. Kisha akachukua baiskeli akaondoka na mvua ileile, kwenda kwa wenzake kule shuleni walikopewa madarasa ya kulala. Hakunibusu mkono. Tangu aanze kutembea hajawahi kutoka mlango huu bila kunibusu mkono.

Nilikaa. Nikajiona natafuta mtu wa kumgombeza, nikakosa.

Baada ya alasiri nimekifua kile kitambaa, nimekikausha juu ya jiko, nimeifumua WOTE. Imeacha vitundu vya sindano, havifichiki. Nimeshona MWANAKOMBO, chini yake SOMOE. Jina la dada refu, limefika mpaka ukingoni.

Dada, nimekufunua mbele za watu. Bi Tatu angenichapa. Lakini wewe mwenyewe una mjukuu, na mimi nina binti na wajukuu, na wote wanatembea na damu yako vifuani mwao, wanacheka, wanasema Mungu katuepusha. Siwezi tena.

Sasa wewe Rehema. Najua unasoma, hata ukininunia huwa unanisoma. Kesho alfajiri nitakuwa hapo mnapoondokea, mvua au jua, na kitambaa chako mkononi. Hutaki kusema nami, usiseme. Geuza tu mgongo nikubandike. Uendeshe mpaka Ushongo, usipandishwe gari.

Jumatatu saa moja asubuhi uwe mlangoni kwangu. Asha nimeshampigia, anakuja kutoka Pangani na binti zake wote. Amenitamkia maneno kwenye simu ambayo mtoto hamtamkii mama yake, nimeyapokea, yalikuwa yangu. Tunakwenda hospitali sote. Daktari akiuliza kwenu kuna aliyewahi kuugua, nyamazeni, nitajibu mimi. Na kwenye kuvua natangulia mimi, hiki kizee mnachokiona. Vaeni blauzi za vifungo vya mbele, na msinicheleweshe.